Miguu Mitatu ya Kwendea Chundwa

Jumatano, 2 Oktoba 1912

Amini amekuja leo kutoka Chundwa. Hakuingia. Alikaa dakani, pale barazani nje, tukasema mlango ukiwa kati yetu. Mkewe, Umulkheir, hawezi. Kifua — tangu kabla ya Ramadhani. Ataka apigwe picha, yeye na binti yake Khairiya.

"Mtoto ndiyo kwanza ajua kusema maneno mawili matatu," asema Amini. "Mamake akitangulia, hatamkumbuka uso."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za shamba. Nadhani amelisema mara nyingi peke yake mpaka likaisha makali.

Nimekubali. Umulkheir tulisoma chuo kimoja hapa mjini Amu, tukigombania juzuu moja. Na sijui mwanamke mwingine mwenye kamera katika nti hii. Marehemu mume wangu, Badawi, alipiga picha za wanaume. Mimi nilimwoshea vioo vyake vya picha. Alipokufa niliendelea na vioo, kisha nikaanza kuitwa kwa wanawake. Mwanamume mwenye kamera haingii ndani kwa watu. Mimi huingia.

Kuna neno moja zito. Nduguye Umulkheir, Bwana Jamaludin, mwalimu wa chuo huku mtaa wa Langoni, hataki picha. Alimkataza dadake tangu akiwa mzima. Amini ataka jambo liishe kabla halijamfikia.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kamera si taabu. Hukunjika, huingia kikapuni. Taabu ni miguu yake. Badawi aliagiza miguu mitatu ya mti wa msaji, ya kukaa dukani, mizito, haikufanywa kwenda safari. Barka, mwanamke anisaidiaye nyumbani, aliinyanyua, akaiweka chini tena.

"Huku ni kubeba mlango, Bi Alawiya."

Barka si kijana. Alikuwa kwa mama yangu kabla mimi sijazaliwa. Serikali ilipotangaza kwamba hakuna tena mtumwa wala bwana, wengine walihama, yeye akabaki, kwa ujira. Siwezi kumtwisha mlango hadi Chundwa.

Kuchukua mchukuzi? Hapana. Mchukuzi wa mui huu wa Amu hachukui mzigo akaacha habari zake. Jamaludin angejua kabla hatujafungua tanga.

Kupiga bila miguu — nimefikiria pia. Lakini uani mwa watu mna kivuli. Nikishafungua lenzi lazima ikae wazi kidogo, na mkono wa binadamu hautulii hivyo. Juu ya kiti nako, mgonjwa yuko chini kitandani, kiti kina kimo chake hakibadiliki.

Basi nitafute miguu mingine. Myepesi, inayoshuka na kupanda.

Jumamosi, 5 Oktoba

Duka la Mhindi kule pwani lina miguu ya shaba, imetoka Ulaya. Barka ameniletea niijaribu. Mirija inayoingiana, ukiikunja haizidi urefu wa mkono wangu. Myepesi kama mwavuli. Inang'aa. Niliipenda kabla sijaifungua.

Nikaisimamisha darini, juu ya nyumba, nikaifungia kamera, nikaweka bakuli la maji juu yake. Hivyo ndivyo Badawi alivyokuwa akijaribu. Upepo ulipopita, maji yakatetemeka. Barka alipopita, yakamwagika.

Nikaharibu kioo kimoja ili nihakikishe. Ukingo wa dari ya jirani umetoka mara mbili, mmoja juu ya mwenziwe.

Nimeirudisha. Barka asikitika kuliko mimi. Asema ilikuwa nzuri kuitazama.

Jumatatu, 7 Oktoba

Shekhan, seremala, amekuja. Nilimweleza kutoka nyuma ya pazia: miguu mitatu, myepesi, inyooke, itulie. Nikamtajia mwanzi. Akasema mwanzi hupasuka pale skrubu inapoingia. Mkoko je? Mzito. Na mbao mpya hana imani nayo.

"Mti mbichi utakuya kupinda ndiani, Bi. Utafika wendako na miguu ya kaa."

Ataka mti wa kale, mkavu, ulionyooka. Hana. Akauliza kama mna kitanda kibovu humu nyumbani.

Barka alikuwa amesimama akisikiliza. Akaenda stoo, akarudi na miti ya shiraa ya mama.

Sijaiona miaka. Mama hakupata kutoka mlango ule ila ndani ya shiraa: nguo imetandazwa juu ya miti, wajakazi wameishika, yeye katikati, haonekani hata kidole. Barka akiwa msichana alishika mti wa mbele. Buibui lilipoingia, shiraa ikalala. Nguo imeliwa na mende. Miti mizima.

Shekhan aliigonga, akaikunja juu ya goti, akasema basi, ndiyo hii.

Nikamwuliza Barka kama ana neno.

"Ni miti ya mamako," akasema. "Mimi nilikuwa naibeba tu." Kisha: "Na sasa ataibeba nani?"

Nikasema mimi mwenyewe.

Alinitazama kidogo, akaenda jikoni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Miguu imekwisha. Kila mmoja ni vipande viwili, kimoja hupita ubavuni mwa mwenziwe, hubanwa kwa skrubu. Ncha za chuma. Juu, pale miguu inapokutana, nimemwambia Shekhan atie kulabu. Hapo nitatundika mfuko wa mtanga, mchanga tu, uvute chini. Mtanga haubebwi safarini. Uko kila mahali.

Bakuli la maji juu yake. Upepo — kimya. Barka akapita, akarudi, akapita tena kwa makusudi, akikanyaga kama askari. Kimya.

Nikaiweka begani, nikatembea nayo darini toka ukuta hata ukuta. Bega halikusema kitu. Barka alikuwa akianika nguo. Alicheka chini chini, nikamsikia.

Jumamosi, 12 Oktoba. Chundwa

Tumefika. Mashua ni ya mjomba wa Amini, na mjomba ana mazungumzo mengi kuliko haraka. Tulipoingia upande wa Siyu maji yalikuwa yameshatoka. Tukashuka katika matope ya mikokoni. Punda tulioahidiwa hawakuwako.

Barka alijitwika sanduku la vioo. Mimi nilibeba kamera mgongoni na miguu begani. Matope yalifika magotini. Nilianguka mara moja, kikalio, miguu nikaiinua juu. Baadaye nikaona ni fimbo nzuri: nilifungua mguu mmoja nikawa napima kina kabla sijakanyaga. Tungekuwa na ile ya msaji tungekuwa tungali huko.

Ndia ya kuja Chundwa ni ndefu, yapita mashamba, jua. Waliokutana nasi walitoa salamu, wakatazama begani pangu. Mmoja alimwuliza Barka kama sisi ni wapimaji ardhi wa serikali. Barka akajibu ndiyo.

Umulkheir nimemwona. Sikumjua. Amejua kwamba sikumjua. Akasema, "Bado ni mimi, Alawiya. Kaa kitako."

Jumapili, 13 Oktoba. Chundwa

Nyumba ilikuwa na shida yake asubuhi. Bi Rahima, mamake Amini, hakutaka. Si kwa sababu ya Jamaludin; ana yake.

"Mtu huonyeshwa akiwa mzima. Mtoto atamwona mamake mifupa mitupu, ndiyo iwe kumbukumbu?"

Umulkheir akajibu kitandani: "Mama, mifupa hii ndiyo iliyomzaa."

Bi Rahima akatoka. Nikadhani amekasirika. Alirudi na leso mpya, bado haijafuliwa, akamfunika nayo mabega, akairekebisha mara mbili tatu.

Wanawake walikitoa kitanda uani, kikawekwa mahali penye mwanga usio jua. Kitanda cha kamba, chini sana. Nikaishusha miguu mpaka mwisho, nikaipanua; kamera ikawa sawasawa na kifua chake. Msaji haushuki hivyo. Nikatundika mfuko wa mtanga. Lakini sakafu ya uani imepigwa chokaa, laini kama sahani, na miguu ikaanza kuteleza, mmoja huku mmoja kule. Sikuijaribu juu ya chokaa. Darini kwangu sakafu ina mikwaruzo. Nikaifunga leso kuizunguka. Miwili ikatulia. Wa mbele ukazidi kukimbia.

Bi Rahima alikuwa amesimama akitazama. Akaketi chini, miguu mbele, akaushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Piga," akasema. "Huu hauendi popote."

Umulkheir akauliza acheke au asicheke. Nikasema afanye apendavyo, asikohoe tu. Kioo cha kwanza akakohoa. Tukangoja. Barka akampa maji. Khairiya alikuwa mapajani, akivuta pindo la leso. Cha pili — akavuta pumzi, akaizuia. Nikafungua. Nikahesabu moyoni. Nikafunga. Akapumua, kisha akakohoa muda mrefu sana, na Bi Rahima alikuwa bado ameushika mguu, hajui kama tumekwisha.

Tulipoagana Umulkheir alinishika mkono. "Usimpe Khairiya sasa. Mpe akijua kuuliza."

Jumatano, 16 Oktoba

Amu. Nimeosha vioo viwili chumba cha giza. Cha kwanza: Umulkheir ana vichwa viwili. Cha pili kimetulia. Kila uzi wa leso waonekana. Mkono wa mtoto tu umekuwa moshi, alipokuwa akivuta.

Kwenye kioo mambo ni kinyume, nyeupe ni nyeusi. Hata hivyo ni yeye. Ni yeye kuliko nilivyomwona kule.

Nimekikausha, nikakifunga kitambaa. Kukichapa kwenye karatasi bado. Sikuona haraka.

Jumanne, 22 Oktoba

Umulkheir amefariki. Ijumaa, baada ya sala. Habari imekuja na mashua ya kuni. Jamaludin aliondoka mara ile kwenda matangani.

Barka amepika uji, hakuna aliyekunywa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Jamaludin yuko chini. Amerudi kutoka Chundwa leo hii, hajapita hata kwake; Barka asema miguu yake ina matope. Bi Rahima ndiye aliyemwambia. Hakumwambia kwa ubaya: alimsifia picha, akidhani anamliwaza.

Nilishuka, nikakaa nyuma ya mlango. Nikampa mkono wa tanzia kwa maneno. Akapokea. Sauti imekauka.

"Sikuya kukugombeza, Bi Alawiya. Umefanya ulivyoombwa na mgonjwa. Lakini kioo kimoja hutoa picha mia, wewe wajua kuliko mimi. Yeo ni ya mtoto. Kesho iko mkononi mwa mtu asiyemhusu. Huko Mombasa wake za watu wauzwa melini, wamechapwa kwenye kadi. Dadangu hayupo tena akasema sitaki. Nipe kioo. Nitakivunja mwenyewe, nitakizika."

Hakukosea neno hata moja. Hizo kadi nimeziona. Badawi alikuwa nayo moja, sikupata kumwuliza aliitoa wapi.

Nikamwambia kioo bado ni kibichi, anisubiri kikauke, anywe kahawa. Kioo ni kikavu tangu Jumatano ya wiki iliyopita.

Sasa niko darini. Nimekitia kioo kwenye fremu na karatasi, fremu iko magotini, naigeuzia jua. Naandika kwa mkono mmoja. Hii ni karatasi ya jua, picha hutoka polepole kwa mwanga, haina haraka ya mtu. Nimefungua pembe nikachungulia: leso yaanza kuonekana. Uso bado. Nikishapata moja nitampa kioo chake, akivunje. Moja haiwi mia. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Kama ningekuwa na hakika ningemwambia na yeye.

Wingu limepita. Limekwenda.

Barka amepanda. Asema Bwana Jamaludin amemaliza kahawa. Nimemwambia ampe kikombe cha pili na halua.

Barka amepanda tena. Asema Jamaludin halua hakuigusa. Amekaa ameinamisha kitwa, kisha ameuliza jambo, na amemwambia Barka aje aniulize mimi, yeye atangoja.

Ameuliza kama kwenye picha mato ya dadake yako wazi.

Nimechungulia. Karatasi haijakolea, macho hayajaonekana. Barka amesimama mlangoni, angoja nimpe la kumwambia.