Kona ya Mutinda

Nunguni, Jumamosi, 18 Julai 1987

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nikisimama mlangoni siioni hata migomba, na nguo nilizofua jana asubuhi kabla hatujaondoka bado zinadondosha maji. Mwaitu, yaani mama mkwe wangu, ameniita mara mbili nikae karibu na moto. Mimi siisikii baridi. Nina furaha ambayo nisipoiandika leo itanipasua kifua.

Leo natimiza miezi mitatu na siku tisa nikiwa mke wa Mutinda. Bado nikifika kwenye jina lake mkono unapunguza mwendo, ili likae vizuri kwenye mstari.

Mtihani ulikuwa jana, kule mjini Wote. Lakini wacha nianze mbali kidogo, maana nikiandika ya jana peke yake, nitakapoyasoma nikiwa mzee nitadhani nilitunga.

Mutinda ni mwashi. Alimaliza darasa la saba, akasomea uashi miaka miwili katika politekniki ya kijiji, na tangu Januari yuko kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwa mwanakandarasi anayejenga maabara ya shule ya sekondari hapa Nunguni. Anachanganya mota ya saruji na mchanga, anapanga matofali, anapanda jukwaa kama mafundi wengine, lakini kwenye karatasi yeye ni mwanafunzi tu. Atachimenti inaisha mwezi huu. Walimwambia wazi: akipata cheti cha serikali cha Gredi Tatu ataandikwa fundi. Akikikosa, vibarua wapo wa kutosha. Na bila kazi hiyo ilikuwa aende Mombasa kwa mjomba wake, akabebe magunia bandarini, awe anarudi nyumbani Krismasi.

Krismasi! Mtu niliyemngoja tangu nikiwa kidato cha tatu.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi. Mtihani ni kujenga kona ya ukuta, mistari sita kwenda juu, kwa kufuata mchoro na kwa muda uliowekwa. Kwa wiki sita, kila jioni akitoka kazini, Mutinda alijenga kona uwanjani kwetu. Alitumia matofali tuliyochoma kwa ajili ya nyumba yetu wenyewe, na udongo uliolowekwa badala ya saruji. Mimi nilishika saa ya baba mkwe. Nikisema muda umekwisha, anafuta mwiko wake wa uashi, anarudi nyuma hatua mbili, tunaitazama kona pamoja, kisha anaivunja yote. Ingekuwaje? Matofali ni yale yale, na kesho tutayahitaji tena.

Nakiri kwamba kuna jioni nilisahau kutazama saa. Nilikuwa natazama mikono.

Kazi yangu nyingine ilikuwa michoro. Imeandikwa kwa Kiingereza na Mutinda anaona haya kuuliza kazini, basi tulikaa benchi moja, bega kwa bega, nikimsomea vipimo na kumweleza ukuta unavyoonekana kutoka juu na kutoka mbele. Siku moja nikajivuna, nikamfundisha kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba, ile niliyodhani ilibuniwa ili wasichana walie darasani. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akachukua kamba, akapima futi tatu, nne na tano, akaifunga kwenye vigingi chini, na kona ikatoka imenyooka kama ukurasa wa daftari. Akaniuliza kama ndiyo hiyo. Ilikuwa ndiyo hiyo. Miaka minne ya sekondari, kumbe mume wangu anatembea nayo mfukoni!

Majirani waliona mambo mengine kabisa. Kutoka barabarani waliona bwana harusi anajenga ukuta na kuuvunja kila jioni, na bibi harusi amesimama kando na saa mkononi, anatoa amri. Wiki ya pili wakaja wazee wawili wa kanisa pamoja na mke wa mmoja wao. Waliomba, wakanywa chai, wakazungumzia mahindi na afya ya ng'ombe, mpaka mmoja wao, Mzee Nzioka, akamgeukia Mutinda kwa huruma nyingi.

"Mwanangu, mke akikataa chumba unamwongezea dirisha. Huvunji nyumba kila siku."

Mwaitu alinyanyua birika lililojaa akasema anakwenda kuongeza chai. Nilimsikia akicheka nyuma ya jiko. Mutinda aliwaeleza habari za mtihani na wazee wakatikisa vichwa, lakini yule mama alipokuwa akiniaga alinishika mkono, akaninong'oneza nisiwe mgumu, wanaume wanaokubali kubomoa ni wachache. Nikamwambia ndiyo, mama. Ningemwambia nini?

Sasa, jana.

Jua la Wote si kama letu. Watahiniwa walikuwa tisa kwenye uwanja wa politekniki, kila mmoja na rundo lake la matofali. Wake za wengine hawakuja. Mimi nilikuja, nikasimama nje ya seng'enge nimejifunika leso kichwani. Kando yangu alisimama Bwana Kioko, msimamizi wa Mutinda kazini, akimenya machungwa bila haraka.

Mutinda aliusoma mchoro, akaukunja, akauweka chini ya tofali. Hakuufungua tena. Kona ilipanda taratibu, mstari baada ya mstari, na kila mara alipoweka pima maji juu yake sikuhitaji kukiona kiputo cha hewa ndani yake, niliona mabega yake tu. Bwana Kioko aliacha kutafuna. Alisema kijana amewahi.

Mtahini, mwanamume mfupi aliyevaa koti la kijivu katika joto lote lile, akapiga filimbi. Muda ulikuwa umekwisha.

Mume wangu akafuta mwiko, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kona yake, akaanza kuivunja.

Sikuamini macho yangu. Tofali la kwanza, la pili, la tatu, kwa utulivu kabisa, akiyapanga chini kama tunavyoyapanga nyumbani. Mtahini alikuwa ameanza na mtu wa upande wa pili, ametugeuzia mgongo. Kabla sijafungua kinywa, Bwana Kioko akasema, chungwa likiwa bado mdomoni.

"Mutinda, hiyo kona si yako tena. Ni ya serikali."

Akaganda na tofali mkononi. Mstari wa juu wote ulikuwa umekwenda, na nusu ya uliofuata. Akanitazama. Uso ule siwezi kuuandika. Niliiona Mombasa yote ndani yake.

Mtahini alipofika aliuliza ni nani amevunja. Mutinda hawezi kudanganya hata kuku. Alisema ni yeye, akaeleza yote: wiki sita, matofali ya nyumba, mke na saa. Akaninyooshea kidole. Uwanja mzima ukageuka kunitazama, nami nikaivuta leso mpaka puani.

Mtahini hakucheka. Alisema atapima kilichosimama, na kisichokuwepo kitakatwa alama. Kisha akainama pale palipofunuka, akakaa ameinama muda mrefu. Alijaribu kuchomeka kalamu kati ya matofali ya ndani, haikuingia. Mota ilikuwa imejaa mpaka chini, na matofali yameshikana kama mchoro ulivyotaka, hata huko ambako hakuna mtu angeona. Akaenda kwenye ukuta wa jirani, ambao ulisimama mzima na maridadi. Akaondoa tofali moja la juu. Ndani palikuwa na pengo la kuficha yai. Akaondoa la mwingine. Yai lingeingia hapo pia.

Akarudi kwa Mutinda akifuta kalamu.

"Miaka yote napima nyuso za kuta," alisema. "Wewe umenionyesha tumbo. Umepata Gredi Tatu, cheti kitakuja kwa posta. Na siku nyingine, fundi, ngoja uambiwe."

Fundi. Alimwita fundi, mbele ya watu, na mimi nikiwa shahidi.

Nililia nikiwa nimeshika seng'enge. Bwana Kioko alinipa chungwa lililobaki, akamwita Mutinda, akamwambia Jumatatu saa moja asubuhi aje na mwiko wake mwenyewe, kwa sababu ule wa kazini sasa ni wa mwanafunzi mwingine.

Alitupa nafasi nyuma ya pikapu yake tukarudi tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Tukaanza kupanda milima na hewa ikawa ya kwetu. Ndipo Mutinda akaniegemea.

"Nilisikia filimbi," alisema, "nikadhani ni wewe."

Sasa yuko uwanjani ananoa mwiko kwenye jiwe, ukungu umemfunika mpaka kiunoni. Nimemuuliza Gredi Mbili, ile inayofuata, ina nini, akasema ina matao. Sijui hata tao linaanzia wapi, lakini nimemwomba aniletee mchoro mmoja kutoka kazini. Nitaujua kabla yake.

Kutoka hapa mpaka maabara ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Asubuhi atakwenda, jioni atarudi. Kila jioni. Nimeyaandika maneno hayo mawili ukingoni mwa ukurasa huu, juu mpaka chini, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Sijawahi kuitamani Jumatatu maishani mwangu. Mbona Jumapili iko katikati?