Pamba Iliyokataa Kuota

Mueda, Msumbiji

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwamkie na baba. Ule mguu wako umeacha kuvimba? Na mvua huko Makote zimeshafika, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mzima. Nimekonda kidogo, usianze kulia.

Biashara inakwenda. Ile sabuni uliyokuwa ukiificha uvunguni enzi za foleni na msako wa walanguzi, mimi leo naivusha Ruvuma na kuipanga mezani kando ya barabara, wala hakuna anayeniuliza chochote.

Sasa habari yenyewe. Juma lililopita kaka yako, mjomba Anselmi, alinipeleka kuposa kwa kina Rosa. Wewe ulikataa kuja. Ulisema kijiji hiki ulikozaliwa hakitaki kukuona, kwa kuwa ulipokuwa msichana ulichemsha chunguni mbegu za pamba mliyolazimishwa na Wareno kulima, kabla ya kuzipanda, ukawafundisha na wenzako. Pamba ilipokataa kuota, wanaume wakapigwa viganja kwa ubao wenye matundu, mjomba akiwa wa kwanza. Bibi akakuvusha mto, mkapona, wao wakabaki. Kwa hiyo nilikwenda kwa woga. Wakikukataa wewe, mimi sina mke.

Baba yake Rosa ni mzee mkavu, hacheki ovyo. Akauliza, "Mama yake ni nani?"

Mjomba akakutaja. Nikatazama mlango.

"Yule wa chungu?" mzee akasema. Akakunjua viganja vyake, vidole havinyooki mpaka leo. "Tulipigwa, sikatai. Lakini msimu ule tukajua Mreno naye anaweza kunyimwa. Baadaye tukakataa kuchimba barabara yake bure. Tukaenda kumwomba kwa mdomo atuachie nchi yetu, akatujibu kwa risasi. Waliosalia tukavuka kwenu Tanganyika, tukarudi na bunduki. Vijana wakisimulia mapinduzi huanza na bunduki. Mimi huanza na mbegu zilizochemshwa."

Mama yake Rosa akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mama, nilifurahi hadi nikashindwa kula. Pale Makote walipokuwa wakituita Wamawia, watu wa kuja, nilikuwa nainamisha kichwa na wewe ulikuwa unanyamaza. Kumbe nilikuwa nalala nyumba moja na mtu aliyewashinda Wareno kwa kuni na maji! Najivunia kuwa mwanao, na nalisema hili wazi.

Ila mzee amekaza. Hapokei posa mpaka uje mwenyewe ukae kwenye mkeka wake. "Mjomba peke yake hatoshi," anasema, "namtaka mwenye chungu." Mama, njoo. Hakuna anayekudai chochote huku. Wanakungoja.

Msalimie baba, na umwambie asimuuzie korosho mnunuzi wa kwanza anayepita, siku hizi wako wengi. Dada wa Mkomaindo mwambie nimempata wifi yake, afue kitenge chake kizuri mapema. Shangazi wa Lukuledi naye aniombee.

Mjomba amesimama hapa nyuma yangu, hanipi nafasi mpaka niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie dada atuletee mbegu za kunde za huko Makote. Ila safari hii asizichemshe."

Ni mimi mwanao ninayekungoja ng'ambo ya mto,
Damiani