Chumvi ya Chungu Kimoja

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mercy amekuja kunipima presha. Imeshuka tena. Amenigeuzia mashine nione mwenyewe. "Mama, uko fiti. Endelea na hiyo chumvi tu." Ni binti wa bara, aliletwa Kibuyuni na watu wa utafiti, ila siku hizi haingii uani kwangu bila shikamoo.

Mwaka jana mdomo wangu ulipinda na kikombe kikanitoka mkononi. Kiharusi kidogo, walisema madaktari, na kikubwa kiko njiani. Baada ya Ramadhani ndipo wakaja hawa wa utafiti na chumvi yao. Wamepunguza ile sodiamu inayopandisha presha, wakatia potasiamu mahali pake. Wanataka kujua — nyumba zikipikia chumvi hii, viharusi vitapungua? Mimi jibu ninalo. Naingia majini kufunga mwani wangu, nainama, nainuka, kizunguzungu hakuna. Alhamdulillahi.

Mume wangu Hashim hakula. Samaki changu wa kupaka na wali wa nazi — amegusa tu, akasukuma sahani. Injini za boti zimemchosha, asema.

Alhamisi, 4 Septemba

Hashim amerudi kutoka kazini Shimoni, viatu mkononi. Miguu imevimba, haiingii. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki. Anajikuna mpaka ngozi inatoka unga. Kila chakula, asema, kina ladha ya chuma.

Nimemwambia twende hospitali. Kesho, kasema. Jana pia ilikuwa kesho.

Mavyaa, mamake Hashim, anasema mwanawe amefanyiwa kitu na watu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa makuti tu, kwa hiyo yeye husemea huko nami nikasikia huku.

Nimepika supu ya samaki, nikaikoleza chumvi na ndimu hamu imrudie. Ameimaliza bakuli nzima. Kwa ajili yangu, najua. Nimefurahi hata hivyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Ameanguka kazini. Spana ilimtoka mkononi, kisha magoti yakakataa. Wenzake wamempakia kwenye gari moja kwa moja hadi hospitali ya Msambweni.

Nimekaa nje ya wodi. Wamembandika nyaya kifuani. Daktari Karisa, kijana mpole, ametoka, ameingia, ametoka. Moyo wa Hashim unaruka mapigo. Zaidi ya hapo hasemi.

Ya Rabi.

Jumapili, 7 Septemba

Figo.

Daktari amenikalisha kitako. Figo za Hashim zimechoka, na hazikuanza jana wala juzi. Ile potasiamu ambayo mtu mwenye afya huitoa kwa mkojo, kwake yeye inabaki kwenye damu. Ikizidi, moyo husimama. Wamemsafisha damu kwa mashine, imeshuka kiasi.

Akauliza tunakula nini. Nikamtajia. Nazi, muhogo, ndizi, mbaazi, mchicha. Alikuwa akiitikia kwa kichwa huku anaandika. Na chumvi? Nikamjibu kwa fahari kabisa — tunatumia ile nzuri, ya utafiti, imenishusha presha.

Kalamu ikasimama.

"Mama, ile ndiyo potasiamu yenyewe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia taratibu. Mwenye figo nzima inamfaa, inamwokoa hata. Mwenye figo mbovu inamuua. Ndiyo maana watu wa utafiti huuliza kila nyumba kabla ya kuigawa. Kwenu hawakuuliza?

Waliuliza. Nilikuwepo. Hashim ndiye aliyejibu: hapa hakuna mgonjwa wa figo.

Maskini, hakujua.

Ile supu. Niliikoleza kwa mkono huu huu.

Jumatatu, 8 Septemba

Alijua.

Nilikwenda kitandani kwake nimejiandaa kumpa pole. Akanitazama, akasema tangu mwaka juzi. Daktari mmoja wa Mombasa alimwambia, akarudi nyumbani na samaki mkononi kama kawaida. Na siku watu wa utafiti walipopima damu za kijiji, yeye akaenda Shimoni, eti ana injini ya mtu.

"Ulijua, Hashim, ukaniacha nikupikie?"

"Wangesema nyumba hii haifai. Wangetupita."

"Si bora wangetupita?"

"Mdomo ulikuwa umepinda, Khamisa. Nilikuwa nakulisha kwa kijiko na uji unamwagika."

Nikamwambia angenieleza mimi peke yangu, ningepika vyungu viwili. Akatabasamu na midomo yake mikavu. Akasema ningepika viwili siku chache, kisha ningeingia hofu ya kuvichanganya, na chumvi yangu ningekwenda kuitupa. Ananijua.

Ni kweli ningeitupa.

Nimetoka nikalia kwenye bomba la maji mpaka mwanamke nisiyemjua akanishika bega. Nina hasira naye hadi meno yanagongana. Na tangu nizaliwe hakuna aliyenifanyia jambo kama hili. Vyote viwili vimenikaa koo moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo, nikamkuta Mercy ameketi kizingitini. Habari zimemfikia. "Nilimuuliza, mama. Nilimuuliza nikimwangalia usoni." Nikamwambia najua, nilikuwepo.

Amechukua makopo ya chumvi. Nyumba yetu imetolewa. Kwa wengine utafiti unaendelea, na uendelee — jirani zangu wanashuka presha, watu waliokuwa wakiishi kwa hofu. Nilipomwambia hivyo ndipo akalia. Amesema nisiache dawa zangu, na niende kupimwa kituoni. Nimeitikia. Nani ana muda.

Jumapili, 14 Septemba

Hashim yuko nyumbani. Kila wiki atakuwa akirudishwa kwenye mashine.

Pwani hii ukitoa nazi, ukatoa muhogo, ukatoa ndizi, ukatoa mbaazi — kimebaki nini? Wali mweupe. Kabichi ya kukatwa ndogondogo, ikachemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, yakamwagwa tena, mpaka imekuwa kama kitambaa. Samaki kipande, kama kiganja cha mtoto. Maji ya kunywa kwa kipimo. Chumvi hakuna, si ile ya utafiti, si ya dukani. Anakula bila neno, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mavyaa kaja, kafunua chungu.

"Haya ndiyo unayompa mwanangu? Hata kuku wangu hawali."

Nikamweleza kwa adabu, toka mwanzo. Figo, damu, moyo. Kasema watoto wake wote wamekua kwa tui na hakuna aliyekufa kwa nazi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, na si kwa ubaya:

"Umeambiwa na nani? Si hao hao wataalamu walioleta chumvi?"

Nilifunika chungu. Walisema kweli mara ya kwanza na wanasema kweli sasa, na katikati pana mume wangu. Yeye anaona tu kwamba mwanawe anakonda mikononi mwangu.

Jumatano, 17 Septemba

Kizunguzungu kimerudi. Leo kwenye mwani nimekumbatia kigingi mpaka kikapita. Sikumwambia Hashim.

Jumamosi, 20 Septemba

Potasiamu ya Hashim juu tena. Baada ya yote yale — juu.

Daktari Karisa amenitoa kando. Anakula nini kingine? Hakuna, nikaapa. Akasema, "Mama, sikulaumu, lakini haiji kwa hewa." Hashim alikuwa ametazama ukuta.

Njia nzima nimejihesabia makosa. Labda sikumwaga maji yote. Labda ule mchuzi. Labda mwiko ulikuwa umegusa chakula changu. Nimesugua vyungu kwa mchanga mpaka ngozi ya vidole imechubuka. Nimeanza kuiogopa mikono yangu.

Jumanne, 23 Septemba

Msambweni. Benchi lile lile la nje ya wodi. Jua la alasiri linatupiga miguuni na hakuna anayesogea.

Asubuhi nilitoka majini mapema, kichwa kilikuwa kinazunguka. Nimeingia ndani kwa mlango wa uani. Mavyaa ameketi kitandani, amemwinua Hashim kichwa kwa mkono mmoja, kwa mwingine amemshikia dafu mdomoni. Taratibu, kama anayenywesha mtoto mchanga. Hashim alikuwa anakunywa amefumba macho.

Nimepiga kelele. Kitu sijawahi kumfanyia mama wa watu.

Kumbe kila niendapo kwenye mwani humnywesha. Mavyaa wala hakuficha. Kasema maji ya dafu husafisha figo, kila mtu anajua, mamake alimfundisha, na mwanawe alikuwa na kiu, mke amemnyima hata maji. Kasema hayo analia. Nikamgeukia Hashim. Wewe unajua. Wewe uliambiwa.

"Mama ananibembeleza," kasema. "Ningemkatalia vipi? Na nina kiu, Khamisa. Nina kiu hujui."

Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa natafuta shuka la kumfunika. Alipotaka kuinuka miguu haikumtii, kisha mikono. Jirani akatoa gari. Njiani mavyaa alikuwa nyuma amempakata kichwa, mimi nimeshika miguu.

Wamemwingiza haraka. Daktari Karisa alikuja akikimbia. Nilimwambia: dafu, daktari, siku nyingi. Akaitikia, akavuta pazia. Lakini kabla ya pazia Hashim alinishika ushungi, nikainama. Ulimi ulikuwa mzito.

"Usimwambie mama."

Basi. Amesema hilo tu.

Mavyaa yuko kando yangu sasa. Kanga kichwani, anasoma anayoyakumbuka, anarudia aya ile ile. Hivi punde alimsimamisha muuguzi, akamuuliza mwanangu ana nini. Muuguzi akasema potasiamu imepanda, bibi, mkwe wako atakueleza. Akaja akaketi. Akauchukua mkono wangu wa kushoto na kuuweka mapajani mwake.

"Khamisa, mwanangu. Niambie kweli. Ni dafu langu?"

Hajawahi kuniita mwanangu.

Nikinyamaza na Hashim akatoka hai, kesho nitakwenda majini naye atamkatia dafu jingine, kwa mapenzi yote ya mama. Nikisema, na Hashim asitoke — huyu bibi atazikwa na neno langu. Mume wangu alidanganya mara moja ili mimi nipone. Sasa ananiomba na mimi nidanganye. Angalia tulipofika.

Naandika ili nisiseme. Anafikiri ni mambo ya hospitali. Nimemwambia, subiri kidogo mama, nimalize mstari huu.

Pazia bado. Kuna sauti ya mtu anaita dawa, na viatu vinakimbia.

Mkono wangu hajauachilia. Anaukanda kanda, kidole kimoja kimoja, ananingoja.