Beringi Iliyolia

Wee, nimejifungia chooni. Nimemkosea shemeji, sijui nitatokaje humu!

Ile helikopta ya rimoti tunayounda naye, leo nimezungusha panga lake kwa kidole, likalia kriii! Beringi kavu. Kavu kabisa!

Nikajua ni yeye tu. Tangu juzi anaishikashika, nikiingia anaiweka chini haraka. Nikamvaa mbele ya dada: "Grisi umeipeleka wapi?"

Akauliza taratibu, "Beringi zilikuja na grisi ya kiwandani. Ulizifanyaje?"

"Niliziosha kwa mafuta ya taa! Mimi fundi baiskeli, sifungi beringi bila kuiosha!"

Kumbe grisi niliitoa mwenyewe.

Unajua alichosema? "Ndiyo maana tangu juzi nazipaka grisi moja moja kwa siri, nisikuaibishe. Ilibaki hiyo tu."