Pedali ya Shemeji

Leo mjinga ni mimi. Cheka kwanza, umalize.

Unaijua amplifaya yangu ya valvu, ina chaneli moja tu, nikipiga solo sauti inabaki ile ile. Shemeji, mpiga besi wa bendi yetu, akaniazima pedali ya kuongeza sauti: "Ukifika kwenye solo kanyaga, utapanda." Nikamwamini. Mume wa dada yangu!

Basi leo meneja wa hoteli kaja kutusikiliza, aamue kama atatuchukua. Zamu yangu ikafika. Nikasogea mbele kwa madaha, nikakanyaga.

Haikupanda! Ilikwaruza tu!

Nikakanyaga tena. Mikwaruzo! Meneja akamgeukia dada, mwimbaji wetu: "Huyu wa gitaa ni wa lazima?" Nimesimama pale pale. WA LAZIMA, eti!

Nikambana shemeji nyuma ya jukwaa. "Ulijua?"

"Nilijua. Sauti ya amplifaya umeifungua mpaka mwisho tangu wimbo wa kwanza. Pedali iongeze nini?"

"Ukaniacha niaibike?"

Hata macho hakupepesa. "Mwaka mzima dada yako anakuomba upunguze sauti akiimba. Ungepunguza hata siku moja, leo ungekuwa na pa kupandia."