Lori Linalonyamaza Fort Ternan

Chepseon, 12 Juni 2023

Mongina mama,

Pokea salamu zetu sote wa huku juu. Tu wazima, ukiondoa goti la mama yako, ambalo linatabiri mvua, na lori, ambalo halitabiri chochote. Watoto wanakula? Na mwenyewe Kipngeno, mgongo umepona?

Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Lori linagonga. Si magurudumu, si bodi. Ni ndani, upande wa juu wa injini, tak-tak-tak, kama mwanamke anayekata sukuma akiwa na hasira na mtu. Wiki mbili zilizopita nililituma kwenye gereji ya mume wako, Kipkurui dereva akiliendesha, likarudi Ijumaa kimya kabisa, hata nikafungua boneti kuangalia kama injini haikubaki huko. Jumatatu asubuhi likaanza tena. Kipkurui anasema hata likiwa linagonga, likishateremka kwenu kwenye joto linanyamaza lenyewe. Likilala hapa kwa baridi, asubuhi ni kelele. Nimefikiria sana. Sioni sababu ya lori kuwa na adabu ukweni na kuikosa nyumbani.

Haingekuwa kitu, lakini yule Phyllis anayekagua magari ya kiwanda cha chai ametangaza kwamba tarehe 31 Julai atasikiliza kila injini ikiwa baridi. Linalogonga halipewi majani ya chai kubeba. Simlaumu. Lori likizimika njiani, majani ya kituo kizima yanapata joto ndani ya magunia na kuharibika, na wakulima hawana mtu wa kumlilia. Nimebeba majani ya kituo hiki miaka kumi na tisa. Nikinyimwa nitakuwa mzee mwenye lori la kuku kulalia.

Muulize Kipngeno ni nini. Mimi siwezi kumhoji mkwe, unajua.

Tata yako,
Mochama


Fort Ternan, 15 Juni 2023

Tata,

Barua imefika na Kipkurui, ikiwa na alama ya kikombe chake cha chai. Sisi ni wazima. Mgongo wa Kipngeno umenyooka. Mwambie mama afunge hilo goti kitambaa cha moto.

Nimemuuliza. Anasema ni tapeti. Ati kila valvu ya injini inasukumwa na kikombe kidogo cha chuma, na hicho kikombe lazima kijae oili ndipo kikae imara. Kikikosa oili kinabaki na nafasi ndani, na hiyo nafasi ndiyo unaisikia ikigonga. Mpaka hapo nilielewa.

Kwa nini zikose oili na oili iko? Hapo akaangalia dari. Akasema labda ni baridi. Nikamwambia Chepseon imekuwa na baridi kabla lori halijazaliwa. Akasema ulilete tena. Nikamuuliza kama kuna jambo lingine. Akasema mzee ni mzee, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Alikoenda hatuna ng'ombe.

Binti yako,
Mongina


Chepseon, 3 Julai 2023

Mongina mama,

Hatujambo. Natumaini kwenu hakuna anayekohoa, huku kila mtu anakohoa, na lori pia.

Limekuja kwenu mara mbili tangu uandike. Mara mbili limerudi kimya, na mara mbili Jumatatu limegonga. Sasa kila mtu hapa ni fundi. Mmoja anasema ni maji kwenye tangi. Mwingine anasema ni umri, na anaponiangalia sijui anasema juu ya nani. Onsongo, mzee wa kanisa, anasema injini kama mtu inataka kupakwa mafuta vizuri. Huyo tu ndiye amenisaidia. Tangu Mei alinipa mtungi wa oili ya gia, ile nzito inayovutika kama asali, na kila Jumapili tukitoka ibadani nalimiminia lori kidogo kwenye injini, ili injini itulie na kazi ya Kipngeno idumu. Kwa hivyo usiseme silitunzi.

Sasa nisikilize. Mtu amenitia neno sikioni, na limekataa kutoka. Fundi anayetengeneza kitu Ijumaa kikaharibika Jumatatu, mara tatu, anataka nini? Sisemi ni hivyo. Nasema nimeulizwa. Kuna fundi wa Kericho ambaye yuko tayari kuitoa injini yote na kuifungua mpaka chini. Akishindwa, nitaliuza kama chuma. Nimempa ahadi ya wiki ijayo.

Usimwonyeshe mume wako barua hii.

Tata yako,
Mochama


Fort Ternan, 5 Julai 2023

Tata,

Shikamoo. Tu wazima. Nimemwonyesha.

Alisoma ile habari ya mtungi wa Onsongo, akaketi chini kwenye vipuri. Nikamwambia leo haendi kwa ng'ombe. Ndipo akasema. Tangu lori lilipokuja mara ya kwanza alijua. Anapofungua oili inatoka nzito na inanuka gia. Anaimwaga, anasafisha, anatia ya kawaida, anabadilisha filta, lori linanyamaza. Jumapili unalitibu. Usiku inakuwa baridi, oili inaganda kama mursik, maziwa ya mgando, shingoni mwa kibuyu, asubuhi haifiki kwenye vile vikombe, na vinagonga vikiwa vitupu. Likiteremka huku kwenye joto, oili inalegea, kelele inaisha. Ndiyo adabu yake yote.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliniambia, "Wazee wenu walinikalisha siku ya mahari wakanifundisha mkwe hamkosoi baba wa mke wake. Nilifaulu hilo somo, Mongina. Sasa nifanye nini, nimwambie yeye ndiye anaua injini yake?"

Kwa hivyo nakuambia mimi, kwa sababu mimi ni damu yako, utanifukuza halafu utaniita. Mkataze yule wa Kericho. Mwaga hiyo oili injini ikiwa bado na moto. Weka filta mpya na oili ya kawaida. Usikubali mtu akaze tapeti, hizo hujikaza zenyewe. Ikibaki moja inagonga, hiyo imelika, na lazima fundi aisikie ikiwa baridi ndipo ajue ni ipi.

Binti yako,
Mongina


Fort Ternan, 24 Julai 2023

Tata,

Wote wazima? Sijui, kwa sababu hujaandika. Kipkurui hapiti. Kwenye simu mama anasema uko shambani, hata mvua ikinyesha.

Kipngeno hali vizuri. Kila lori likipita barabarani anainua kichwa. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Na hiyo injini, iko ndani ya lori au iko Kericho?

Mongina


Chepseon, 1 Agosti 2023

Mongina mama,

Tuko. Goti la mama yako limetulia, lakini yeye hajatulia. Ninyi mko aje? Mwambie Kipngeno ale.

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, kisha wewe, kisha Onsongo, kisha watu wakaniishia.

Yule wa Kericho nilimkataza. Oili niliimwaga mwenyewe. Ilitoka polepole, kama mtu anayeenda mbele kutoa sadaka. Nikafanya yote uliyoandika, na Jumapili nikitoka ibadani napitia njia ya nyuma nisikutane na mtungi. Bado sielewi vizuri. Maisha yangu yote nimeona kitu kizito kikituliza na chepesi kikipiga kelele. Hata kanisani ni hivyo.

Jana Phyllis alikuja. Kipkurui akawasha. Kelele zote zilizima isipokuwa moja, tak, tak, upande wa kushoto, ikakaa kama dakika tatu ndipo ikanyamaza. Alisikiliza kichwa kikiwa ndani ya boneti. Alisema nibebe majani mwezi mmoja, halafu atarudi, na hiyo moja asiisikie.

Sasa kuna shida. Hiyo moja husikika hapa tu, na asubuhi tu. Kwa hivyo anayeitafuta lazima awe amelala hapa. Najua mkwe halali kwangu. Nimewaambia wazee, wakaanza kushauriana, na mimi sikungoja wamalize. Mama yako ametandika chumba cha mbele.

Aje Jumamosi na vifaa vyake. Akiona kosa langu lingine humo ndani aniambie mimi, si wewe. Nikikasirika, aendelee kusema.

Tata yenu,
Mochama