Sahani ya Keza

Dada Odeta,

Nyekundu. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto una rangi tatu, na kwa Keza wako ulisimama kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Nilimwambia muuguzi utepe wake ni mbovu, apime tena. Akapima. Nyekundu ileile! Nikaketi sakafuni palepale kituo cha afya, mbele za watu.

Nilimpeleka kwa ajili ya kikohozi tu. Mtoto anacheka, anajibu, anawatukana kuku kama ulivyokuwa ukiwatukana wewe. Mimi ndiye ninayemwogesha kila jioni, Dada, na mbavu zile nilikuwa nikizipaka sabuni bila kuziona.

Unakumbuka ulivyonishika kidole siku zako za mwisho: "Mutoto wangu asikule peke yake." Nilikuelewa. Sote tulimwona yule yatima wa jirani akitengewa sahani pembeni kama mgeni asiyetakiwa. Nikaapa kwamba Keza atakula sahani moja na wanangu watatu, wote wakubwa kwake. Hata mama mkwe alipotaka kumwekea maharage yake kando, nilikataa. Nikasema hapa kwangu hakuna yatima.

Muuguzi aliniuliza: "Mama, anakulaka na bakubwa?" Nikajibu kwa kiburi, ndiyo, sahani moja. Akatikisa kichwa. "Basi anakula yenye bamebakisha. Umupe sahani yake."

Kesho yake sikwenda kazini Kinindo. Mchana nilisimama mlangoni nikawatazama wakila. Wanangu si wabaya, Dada, wana njaa na mikono mikubwa tu. Keza alifinyanga tonge lake la bugali taratibu, akalichovya, akalipuliza, na aliponyoosha mkono mara ya pili sahani ilikuwa nyeupe. Hakulia. Akalamba vidole, akaenda kwa kuku wake. Niliyelia ni mimi. Miezi saba nimemshindisha mtoto wako njaa, tena kwa jina lako!

Sasa ana sahani yake, ile ya bati yenye ua. Zipo paketi za karanga alizopewa kama dawa, hizo hagawiwi mtu mwingine, na upo uji ninaoutia mawese na visamaki vya ndagala vilivyotwangwa. Majirani washasema nimeanza kumtenga mtoto wa marehemu. Waseme. Wiki hii mizani imepanda tena, na utepe umeingia njano.

Lakini neno lako sijalitupa. Nimeomba kazini niwe nikirudi mchana. Ninaketi naye chini, sahani yangu kando ya yake, na siondoki mpaka amalize. Jana alishiba. Alishiba, Dada! Tonge la mwisho likamshinda, akalitia mdomoni mwangu.

Nisamehe. Lala salama. Keza hatakula peke yake, na wala hatashinda njaa tena katikati ya watu wanaompenda.

Mdogo wako,
Shantali